MAISHA YA NYUMBANI: Chupa Inayomjaribu Mwenye Nyumba

Hutokea mara kwa mara kwamba ndugu aishiye Brussels huja likizo kuwasalimu jamaa zake wa Bujumbura, Kigali, Bukavu au Goma, na miongoni mwa zawadi zake huwamo chupa mbili tatu za bia ya Ubelgiji. Mwenye nyumba huziona kuwa ni kitu cha heshima kisichofaa kunywewa siku ya kazi. Kwa hiyo huziweka katika kabati la vioo la sebuleni, kando ya picha ya harusi, mahali ambapo kila mgeni ataziona. Jua la asubuhi hupita dirishani likaziangaza, na mchana joto la bati huzishukia. Mwaka mmoja baadaye mtoto hubatizwa, chupa hufunguliwa mbele ya wazee, na harufu itokayo humo ni ile ya kicheche aliyetishwa. Mwenye nyumba huona haya, na mleta zawadi hulaumiwa bure.

Bia hiyo haikuletwa ikiwa mbovu. Iliuawa na heshima iliyopewa.

Huko Ubelgiji, ambako desturi za bia ziliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, wako watu wengi wanaokusanya bia za chupa nyumbani mwao. Huzinunua leo ili waonje baada ya mwaka mmoja, miwili, au hata kumi. Huzipanga gizani, huandika tarehe katika daftari, na hungoja. Asiyejua atadhani kwamba huo ni ulevi uliovaa nguo za sikukuu. Lakini mambo haya yakichunguzwa vizuri, yataonekana kuwa ni shule ya subira, na shule hiyo ina mafunzo yanayofaa hata kwa nyumba ambayo haitaona chupa ya Ubelgiji kamwe.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba bia zote si za namna moja. Mama apikaye urwagwa, tonto au kasiksi anajua kwamba pombe yake ya ndizi ni kitu hai. Chachu iliyomo haijaondolewa, nayo huendelea kufanya kazi usiku na mchana. Leo pombe ni tamu, kesho ni kali, na baada ya siku chache imekuwa siki. Bia ya kiwandani tuliyoizoea ni kinyume cha hiyo. Kwa kawaida huchujwa hata chachu ikaisha, kisha hupashwa moto kwa njia iliyopewa jina la mtaalamu Mfaransa, Louis Pasteur, ili isichache tena. Bia ya namna hiyo haina faida yoyote ya kungoja. Siku inapotoka kiwandani ndiyo siku yake bora, na kila mwezi upitao huipunguzia ladha.

Bia ambazo Wabelgiji hukusanya zimesimama katikati. Hupikwa kwa kimea cha shayiri na kutiwa maua ya mmea uitwao hopi, ambayo huleta uchungu na harufu nzuri. Zinapotiwa chupani, mpishi huacha au huongeza chachu kidogo pamoja na sukari iliyopimwa. Kizibo kikishafungwa, chachu huila sukari hiyo na kutoa hewa itakayofanya povu. Pia hula sehemu ya hewa ya oksijeni iliyobaki shingoni mwa chupa, ambayo ni adui mkubwa wa bia. Kazi yake ikiisha, chachu hulala chini kama mashapo.

Hapa yafaa tahadhari itolewe kwa uwazi. Kazi hii huhitaji kipimo halisi cha sukari na chupa za kioo kinene. Mtu asichukue pombe ya ndizi inayochemka na kuifungia katika chupa ya bia ya kawaida kwa kizibo cha nguvu. Hewa hujaa, chupa hupasuka, na vipande vya kioo huruka kama vya bomu. Jeraha la jicho la mtoto halilipwi kwa pombe yoyote.

Bia zinazosifiwa zaidi katika ukusanyaji huu ni zile za watawa wa shirika la Watrapisti. Tangu mwaka 1997 chama cha monasteri zao kimekuwa na alama maalumu. Ili bia ipewe alama hiyo, sharti ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa, na faida yake itumiwe kwa matunzo ya watawa, monasteri yao na kazi za huruma. Katika Ubelgiji monasteri zinazopika bia hizo ni Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval.

Bia ya Orval, ambayo kiwanda chake cha sasa kilianzishwa mwaka 1931, ndiyo mwalimu mzuri wa mwanafunzi mpya. Lebo yake ina picha ya samaki mwenye pete mdomoni. Masimulizi ya kale yasema kwamba Matilda, mtawala wa Tuscany, aliangusha pete yake ya ndoa katika chemchemi ya mahali pale, akaomba, na samaki akaibuka nayo. Juu ya lebo hiyo huandikwa tarehe ya kutiwa chupani, na tarehe hiyo si pambo. Bia hii hutiwa chachu ya namna ya mwituni ambayo hula polepole sana. Chupa changa huwa na uchungu mwingi na harufu ya maua. Chupa ile ile ikipata mwaka mmoja, uchungu hupoa, utamu hukauka, na hutokea harufu ya nyasi kavu na ngozi. Mkusanyaji hununua chupa tatu siku moja: moja huonja mara moja, ya pili baada ya miezi sita, na ya tatu baada ya mwaka. Kwa gharama ya chupa tatu amejifunza kazi ya wakati.

Lakini fundisho kubwa zaidi hutoka Westvleteren. Watawa wa pale hupika bia kidogo tu, kiasi cha kuwawezesha kuishi na kusaidia wengine, na wamekataa kuongeza ili kuridhisha soko. Hawatangazi biashara, na kwa miaka mingi chupa zao hazikuwa hata na lebo. Habari zote ziliandikwa juu ya kizibo. Chema chajiuza. Mnunuzi aliagiza mapema kwa simu, akataja namba ya gari lake, akaenda mwenyewe mpaka langoni, na akatakiwa kuahidi kwamba hatauza tena alichonunua. Tangu mwaka 2019 maagizo hufanywa kwa mtandao, lakini sharti la kutouza tena limebaki. Mwaka 2011, walipohitaji fedha za kujenga upya monasteri yao, watawa waliruhusu kwa mara moja bia hiyo iuzwe madukani nchini kwao, chupa 6 na bilauri 2 kwa euro 25. Iliisha upesi mno.

Hata hivyo ahadi ni deni ambalo si kila mtu hulilipa. Mwaka 2018 duka moja kubwa la Uholanzi liliuza bia hiyo kwa karibu euro 10 kila chupa, ilhali kwa watawa bei haikufika euro 2. Watawa walisikitika na kulalamika hadharani. Wao hawakuwa na askari wa kulinda bei yao. Walikuwa na neno la mnunuzi tu. Mtu avaaye sare anaelewa uzito wa jambo hili, kwa kuwa naye alianza kazi yake kwa kuinua mkono na kutoa neno.

Sasa yafaa kueleza utunzaji wenyewe. Bia zinazovumilia miaka mingi ni zile nzito, nyeusi au za rangi ya kahawia, zenye nguvu ya asilimia 8 na zaidi, kama Rochefort 10, au ile ya Chimay yenye lebo ya buluu, ambayo huandikwa mwaka wake. Hizi zikikaa vizuri huelekea ladha ya tende, zabibu kavu na asali. Bia nyepesi, na zile zinazosifiwa kwa harufu mbichi ya hopi, zinywewe mapema. Orval, yenye asilimia 6.2, hupata uhai wake mrefu kutokana na ile chachu yake ya ajabu.

Maadui wa chupa ni watatu. Wa kwanza ni mwanga, ambao huvunja asili ya hopi na kuleta ile harufu ya kicheche. Kioo cha kahawia hupunguza madhara, lakini hakiyazuii yote. Wa pili ni joto, ambalo huharakisha kila uharibifu. Wa tatu ni oksijeni, ambayo huipa bia ladha ya boksi la karatasi lililonyeshewa. Kwa hiyo chupa isimamishwe wima ili mashapo yatulie chini, iwekwe gizani, isitikiswe, na ikae mahali penye ubaridi usiobadilika, nyuzi 10 hadi 14 za Sentigredi zikipatikana. Katika nyumba ya bati, chumba cha ndani, sakafuni, ndani ya sanduku lililofunikwa, ni bora mara nyingi kuliko kabati la vioo. Pasipokuwa na mahali pa namna hiyo, mwenye nyumba asijidanganye. Na aifungue zawadi yake mapema, ingali nzuri.

Kuonja nako kuna taratibu. Bilauri ioshwe na kusuuzwa sana, kwani mafuta na sabuni huua povu. Chupa ifunguliwe bila kutikiswa, na bia imiminwe polepole bilauri ikiwa imeinamishwa, mashapo yakiachwa chini. Kwanza macho yatazame rangi na povu. Kisha pua inuse kabla ya ulimi. Kisha funda dogo litembezwe kinywani na kumezwa. Bia nyepesi hutangulia, nzito hufuata, na katikati huliwa mkate na kunywewa maji. Kila mmoja aseme alichonusa, hata kama ni moshi wa jikoni au ndizi mbivu, na mwandishi wa nyumba aandike daftarini: tarehe ya kununuliwa, tarehe ya kufunguliwa, na ladha iliyopatikana. Chupa moja ya sentilita 33 huwatosha watu watatu.

Kipimo hicho cha watu watatu si cha ubahili. Bia ya Rochefort 10 ina asilimia 11.3 ya kileo. Chupa yake ndogo ya sentilita 33 hubeba kileo cha sentilita 3.7 hivi. Chupa kubwa ya sentilita 72 ya bia ya kawaida yenye asilimia 5 hubeba sentilita 3.6. Yaani kichupa kile kinachoonekana kama cha soda kina nguvu za chupa kubwa nzima. Polisi wa barabarani amewasikia madereva wengi wakisema kwamba wamekunywa kimoja tu. Basi mwenye zamu ya usiku, mwenye silaha mkononi au mwenye usukani asionje hata funda. Mama mjamzito naye asionje kabisa. Mtoto asitumwe kufungua wala kumimina, na ufunguo wa sanduku ukae mahali asipofika.

Zaidi ya hayo, fedha ya chupa hizi haipasi kutoka katika fedha ya unga na karo. Mume na mke wakubaliane kiasi, na daftari liwe wazi kwa wote wawili. Mkusanyo unaofichwa mke si mkusanyo. Ni deni linalosubiri kugunduliwa.

Mwisho, liko kosa linalowapata hata wakusanyaji hodari: kutofungua. Mtu huilinda chupa yake, kila sikukuu akasema kwamba siku yake bado, mpaka bia ikavuka kilele chake na kugeuka maji ya boksi. Amesubiri mpaka subira yenyewe ikawa uchoyo. Kwa sababu hiyo wakusanyaji wenye busara huiandikia chupa siku yake tangu mwanzo: kuzaliwa, ndoa, au kustaafu.

Kwa nyumba ya askari, siku hiyo si ngumu kuipata. Kuanzia mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda na Burundi walikwenda Somalia kwa zamu, na nyumbani mke alibaki akihesabu miezi. Chupa moja iliyowekwa gizani siku ya kuagana, tarehe ikiandikwa kwa mkono wa yule anayeondoka, huwa na kazi iliyo kubwa kuliko ladha. Itachukuliwa sakafuni siku atakaporudi, itafutwa vumbi, na itamiminwa katika bilauri tatu: ya mume, ya mke, na ya mzee wa nyumba aliyewatazama watoto. Watoto watapewa maji ya matunda. Iwapo bia itakuwa imefikia utamu wa tende, vema. Iwapo haikufikia, hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayeilaumu.