Pwani ya Umma Si Ukumbi wa Kukodi



Leo siandiki habari za hina wala mitandio. Naandika habari za pwani, maana naona inatutoka mikononi huku sisi tunaipigia picha.

Kila aliyeoza binti hapa Unguja anajua: nikaha ikishafungwa, bi harusi anatakiwa picha ya bahari, jua likizama. Na Ramadhani, baada ya tarawehe, mama anachukua wanawe anakwenda Forodhani kupunga upepo. Ananunua urojo wake, anakaa ukutani, watoto wanacheza. Hakuna anayemuuliza ameingia kwa ruhusa ya nani. Hiyo ndiyo maana ya ardhi ya umma. Si lazima uwe na pesa ili uwe na haki ya kukaa.

Sasa kila kipande cha pwani ya mji kikichakaa, tunaambiwa kinatafutiwa mwekezaji ili kipendeze. Sina ugomvi na kupendeza. Ugomvi wangu ni swali moja: kikishapendeza, mlango utakuwa wa nani?

Tazameni sehemu mbili za Mji Mkongwe, unatoka moja hadi nyingine kwa miguu, hata jasho halikutoki. Ya kwanza ni Forodhani yenyewe. Bustani ile ya tangu miaka ya 1930 ilikuwa imechoka, ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikaikarabati, ikafunguliwa upya mwaka 2009 ikiwa na ukuta mpya, taa na mitaro. Na bado unaingia bure.

Ya pili ni Mambo Msiige, pale Shangani. Nyumba ya karne ya 19, mali ya serikali, ikakodishwa, na tangu 2015 ni hoteli ya Park Hyatt, na jengo jipya kubwa kando yake, ukingoni mwa maji. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kamati ya UNESCO ilihoji zaidi ya mara moja ukubwa wa jengo hilo. Likajengwa, likasimama. Jina lenyewe linatusemesha: mambo, msiige. Nami nasema tusiige.

Najua jibu litakalokuja: hoteli inaleta ajira na kodi. Kweli, inaleta. Lakini hoteli inaweza kujengwa mahali pengi, na mbele ya mji ni moja tu, haizai nyingine. Kodi ya pango inaingia Hazina, gharama yake inalipwa na yule mama wa urojo na watoto wake, kila jioni, kwa miaka yote ya mkataba. Binti anayezaliwa leo ataolewa na kuzaa mkataba ungali hai. Nani alimuuliza mama yake?

Mimi kwetu ni Same, huku nimeletwa na ndoa. Mtasema mtu wa milimani ana lipi la kusema kuhusu pwani? Analo. Kwetu Upare maji ni shida, kwa hiyo wazee walichimba ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva haina mwenyewe mmoja. Kutoa tope ni kazi ya wote, tunaiita msaragambo, na asiyefika anatozwa faini. Maji yakipungua, watu wanakaa kikao, wanapangiana upya. Hakuna tajiri anayekuja kusema, "Nitaisafisha ndiva yenu, lakini nitaweka geti." Kutunza hakumpi mtu umiliki.

Na wala msidhani haya ni mambo ya wanaume. Miaka ya 1940 Wapare walipotozwa kodi ya mbiru, maelfu walikwenda kukaa Same mjini, makao ya wilaya, kuipinga. Wanawake nao wakatoka majumbani, wakaandamana. Kodi ile mwishowe iliondolewa. Bibi zetu hawakungoja kualikwa kwenye kikao.

Tukirudi kwenye dini yetu, Sayyidna Umar (R.A.) alipotenga malisho ya umma, alimwagiza msimamizi amruhusu mwenye wanyama wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya matajiri, tena akawataja, Ibn Auf na Ibn Affan, masahaba wakubwa. Kwa nini? Kwa sababu wao mifugo ikifa wana mashamba na mitende, maskini hana pa kukimbilia. Umar aliitazama mali ya umma kwa jicho la asiye na kitu. Sisi leo tunaitazama kwa jicho la nani?

Wala msiambiwe haiwezekani. Mombasa, mji wa bandari kama wetu, pwani ya Mama Ngina ilikarabatiwa kwa fedha za serikali, ikafunguliwa Oktoba 2019, na familia zinakwenda kukaa pale kutazama meli zikiingia.

Basi tudai haya, bila kupiga kelele na bila kuona haya:

Mkataba wowote wa pwani ya umma usomwe hadharani kabla ya kutiwa saini, si baada ya mabati kuzungushwa.

Njia ya kufika majini ibaki wazi kwa wote, iandikwe ndani ya mkataba, isiwe hisani ya mlinzi.

Wanawake wanaouza na wanaopumzika pale waulizwe wao wenyewe, wasisemewe na waume wala masheha.

Nawe bi harusi wangu, ukisimama na shela lako mbele ya bahari, jua kuwa umesimama kwenye mali yako. Usiishie kupiga picha. Shehia ikiitisha mkutano, nenda, na mama mkwe umchukue.

Allah atupe ulimi wa kusema haki, na atuhifadhie pwani yetu. Aamin.