Satelaiti nayo inamhitaji mtu wa Mbegani

Na Mwanaidi Shomari

Masika yakikolea, Mto Ruvu humwaga tope baharini, na maji ya Bagamoyo hugeuka rangi ya chai ya maziwa mpaka mbali. Mvuvi akitupa jicho tu anajua lile ni tope. Satelaiti iliyo zaidi ya kilomita 800 juu yake inaweza kudanganyika.

Wazungu wa Ulaya wana satelaiti ziitwazo Sentinel-3. Ya kwanza ilirushwa Februari 2016. Zimebeba kamera inayopima rangi ya bahari, na kila nukta ya picha ni kipande cha maji cha meta 300 kwa 300. Penye ukijani pana vijimea vidogo mno, na vijimea ndivyo vinavyowavuta dagaa, dagaa nao wakawavuta vibua na jodari. Picha hizo hutolewa bure. Lakini kanuni za kuzisoma hufanya vizuri zaidi kwenye maji maangavu ya bahari kuu. Zikikutana na tope la Ruvu, huweza kulihesabu kuwa ni malisho tele. Kijana atakayechoma petroli yake kuifuata ramani ya namna hiyo atarudi na nyavu tupu.

Dawa yake ni mtu ndani ya boti, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, satelaiti inapopita juu yetu. Anachota maji kwenye chupa, anayachuja, anapima vijimea na tope, kisha anaandika mahali alipo kwa kifaa cha GPS, kile kile ambacho baadhi ya manahodha hukifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. Vipimo hivyo vikikusanywa kaskazi na kusi, kanuni hurekebishwa zikaijua bahari yetu.

Kazi hiyo ipewe Mbegani, hapa Bagamoyo. Pale ipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, na wapo vijana wanaosomea bahari.

Nasisitiza kwa sababu mitambo ya anga si migeni pwani hii. Ng'ambo tu ya mkondo, Tunguu huko Zanzibar, Wamarekani walijenga kituo cha Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani, baada ya kukubaliana na Waingereza mwaka 1960. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kwa redio. Wazanzibari wengi walishuku kuwa ni kambi ya makombora. Yalipokuja Mapinduzi, kikafungwa mwaka huohuo wa 1964. Huko pwani ya Malindi, kwenye jukwaa la San Marco, Waitaliano walirusha satelaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za nyota tarehe 12 Desemba 1970. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya miaka saba ya uhuru wa Kenya. Jina likawa la kwetu, takwimu zikachambuliwa Marekani.

Safari hii uchambuzi ubaki hapa. Wizara inayosimamia uvuvi itenge fedha za chupa, vichujio, maabara ndogo na mtaalamu wa kuwafundisha wanafunzi kuzisoma picha hizo. Ramani zilizorekebishwa ziwafikie wavuvi kwenye simu kabla hawajang'oa nanga, kwa Kiswahili. Na mvuvi atakayetoa chombo chake kitumike kuchotea maji, alipwe petroli yake siku hiyohiyo.