Kuua Kuluna Hakumalizi Ukuluna

Kila habari za kuluna zinapotufikia hapa Bukavu kutoka Kinshasa, wapo wenzangu wa chuo wenye jibu moja tu: wauawe. Nawapinga.

Siwatetei kuluna. Ni vijana wanaotembea kwa makundi, panga mkononi, wanaomkata mtu kwa sababu ya simu. Na anayekatwa si tajiri mwenye ukuta na mlinzi. Ni mama anayetoka alfajiri kwa miguu kwenda sokoni. Kidonda chake kitashonwa kwa pesa za familia, na zikikosekana anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka deni lilipwe.

Lakini dawa hiyo ya kuua ilishajaribiwa. Novemba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Likofi, yaani ngumi kwa Kilingala. Polisi, wengi wao wakiwa wamefunika nyuso, waliingia majumbani usiku, wakawatoa vijana bila hati ya kuwakamata. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu 51 waliouawa, kwa uchache, na wengine 33 waliotoweka. Watano kati ya waliouawa walikuwa na miaka 14 hadi 17. Oktoba 2014 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilipotoa ripoti yake, serikali ilimfukuza mkuu wa ofisi hiyo nchini. Sijui ni mwenye haki gani anayefukuza shahidi.

Je, kuluna waliisha? Mwaka 2020 walikuwa bado wanakusanywa kwa mamia na kupelekwa Kaniama-Kasese kulima na kujifunza useremala. Machi 2024 serikali ikaondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, lililokuwapo tangu 2003, na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo ukatajwa. Miaka kumi baada ya Likofi!

Kaniama-Kasese angalau kijana anajifunza kazi, ingawa kumpeleka mtu huko bila kesi ni kosa, tena si dogo. Ila kwa nini tungoje ashike panga ndipo tumfundishe kushika randa? Tangu 2019 shule za msingi za umma hazina karo. Sekondari zinayo. Mtoto wa maskini anamaliza darasa la sita akiwa na miaka 12 hivi, halafu anakaa barabarani. Pesa za operesheni zingeanzia hapo.

Na kuna swali ambalo wenzangu hawajanijibu. Nani anathibitisha kwamba huyu ni kuluna? Wakati wa Likofi walikamatwa watoto wa mitaani wasio na kundi lolote, na vijana waliosingiziwa na majirani kwa ugomvi wa mambo mengine kabisa. Mimi nina miaka 22, nakaa mtaa usio na taa, narudi usiku kutoka maktabani nikiwa na kofia kichwani. Polisi akinimulika tochi, aone nini cha kunitofautisha nao?