KONA YA MWALIMU: Dumu gumu siyo dumu imara

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasani kwetu alifika saa nne, nguo zimelowa chapachapa. Dumu la lita 20 lilimpasukia njiani akitoka bombani. Kwao lilikuwa ndilo hilo hilo moja, na kupata lingine siyo leo wala kesho. Kwa hiyo leo tuongee habari za dumu.

Wengi tunasema plastiki ngumu ndiyo nzuri. Hapana jamani. Glasi ni ngumu, hata msumari hauikwaruzi kirahisi, lakini ikianguka imekwisha. Dumu zima likianguka linabonyea tu. Huo ndio uimara: kupokea pigo bila kuvunjika.

Madumu mengi ya njano ni ya plastiki iitwayo polietilini. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na aina yake inayofaa madumu ilipatikana Ujerumani mwaka 1953. Tazameni chini ya dumu: mkikuta pembetatu yenye namba 2, ndiyo hiyo. Ndani yake kuna nyuzi ndefu mno, jicho halizioni, zimesokotana. Pigo likija, nyuzi zinavutika na kuteleza, na nguvu ya pigo inaishia humo. Vuteni kipande cha mfuko laini wa plastiki mtaona: kinarefuka kwanza, ndipo kinakatika.

Adui yake ni jua. Mwanga wa jua ukishirikiana na hewa unakata nyuzi hizo vipande vifupi. Dumu linapauka, linaacha unga mkononi, nyufa ndogo zinaanza kwenye mkono wake na kwenye kona. Ukiligusa ni gumu kuliko zamani, kumbe limekwisha. Hata ukiliziba kwa kisu cha moto, litapasuka pembeni ya kiraka. Matangi meusi yanavumilia jua kwa sababu yamechanganywa na masizi yanayozuia mwanga.

Basi tufanye hivi: dumu likishamwagwa maji lisilale juani wala juu ya paa, liingizwe ndani au lifunikwe. Tusiliburute. Likionyesha nyufa, asipewe mtoto kubeba. Libaki nyumbani kuwekea vitu vikavu. Na lililovunjika tusiwashie moto jikoni, moshi wake unaumiza kifua.

Yule mtoto sasa anachota kwa dumu la jirani, zamu kwa zamu. Kabla hujalala leo, mama, baba, hebu kagua la kwako.

Tukutane mwezi ujao.