Je, ulilazwa lini?

Ndugu msomaji, ukiugua malaria hapa Kendu Bay, ukapimwa, ukapewa vidonge na kurudi nyumbani jioni ile ile, hakikisha kwamba hukulazwa.

Usicheke. Mwezi wa Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alivisimamisha vituo vingi vya afya kwa tuhuma za kuidanganya SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Miongoni mwa hila alizozitaja ni hiyo: mgonjwa wa kutibiwa na kwenda zake huandikwa kuwa alilala wodini.

Wengi husema, "Ni pesa za serikali." La! Ni asilimia 2.75 ya mapato yako. Tena, katika viwango vya mwaka 2024, kujifungua kwa kawaida kulilipiwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Kishawishi unakiona.

Linalonitisha zaidi mimi kama daktari ni faili. Mama akiandikwa kwamba alipasuliwa ilhali hakupasuliwa, mimba ijayo mkunga aamini karatasi au tumbo?

Najua vituo vingine hucheleweshewa malipo hadi vikakosa glavu. Hiyo si sababu ya kumlaza kitandani mtu aliye sokoni akinunua omena.

Basi, kabla ya kutia sahihi au alama ya kidole, uliza unathibitisha nini. Soma jina la ugonjwa, idadi ya siku na gharama. Na kitambulisho chako usikiache pale dirishani, hata ukiambiwa utakichukua kesho.