Tununue Mwanga, Tusinunue Urefu



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo Chama cha Picha kitalipigia kura muhula ujao. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na zamani zile nilikuwa mwandishi wa chama hicho hicho. Siku hizi napiga picha za michezo na za arusi hapa Kampala. Kwa hiyo nitakayosema si ya kubahatisha, ingawa kila mtu ana haki ya kuyapinga.

Habari yenyewe ni hii. Sisi wanafunzi wa zamani tulichanga, huyu elfu ishirini, yule elfu hamsini, hata zikapatikana shilingi laki sita. Fedha hizo ni za kununua lenzi moja ya kamera ya chama, ipate kupiga picha za michezo. Nasikia wanachama wamegawanyika. Wengine wanataka lenzi ndefu, ya milimita 70 hadi 300, imlete karibu mchezaji aliye mbali. Wengine wanataka lenzi mpya ya dukani, yo yote ile, mradi iwe na sanduku lake na karatasi yake. Mimi nasema tununue lenzi ya zumu ya kawaida iliyokwisha tumika, ya milimita 17 hadi 50, yenye tundu la f/2.8. Nitaeleza kwa nini.

Siku ya wazazi mwaka jana nilifunua albamu ya chama. Nilihesabu picha arobaini na moja za fainali ya voliboli, wala sikuona hata moja yenye uso ulio wazi. Nahodha ameruka juu ya wavu, lakini mkono wake umekuwa kama moshi. Mpigaji picha hakuwa mvivu. Alisimama mahali panapofaa, akabonyeza wakati unaofaa. Kilichomshinda ni giza. Michezo yetu huanza saa kumi na moja jioni, baada ya masomo, na huku kwetu kwenye Ikweta jua halikawii. Ikifika saa moja limekwisha zama. Miezi ya mvua mawingu huuiba mwanga hata kabla ya hapo. Nahodha yule amekwisha maliza masomo, naye hatarudi kuruka tena kwa ajili yetu. Hasara hiyo hailipiki.

Kamera ya chama haina kosa. Ni Canon EOS 600D, aina iliyotoka mwaka 2011, nayo yatutosha. Taabu iko kwenye lenzi yake ya 18 hadi 55. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza ambao hawajaijua hesabu hii na wasikilize. Kadiri namba ya tundu ilivyo kubwa, ndivyo tundu lenyewe lilivyo dogo. Lenzi hiyo ikiwa kwenye 18 tundu lake ni f/3.5, lakini ukiivuta mpaka 55 huwa f/5.6. Kutoka f/5.6 mpaka f/2.8 mwanga unaoingia huongezeka mara nne. Basi tuseme ni jioni, nawe umeweka ISO 1600, na kwa f/5.6 shata yataka kufunguka kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Muda huo mkono wa mpigaji mpira umekwisha safiri mbali. Kwa f/2.8, jioni ile ile na ISO ile ile, utapata sehemu ya 500 ya sekunde, na vidole vyake utavihesabu. Ukitaka kasi hiyo kwa lenzi ya zamani huna budi kupanda hadi ISO 6400, na hapo picha ya kamera ile hujaa chembechembe kama mchanga.

Tena kuna faida ya pili ambayo watu wengi hawaijui. Kamera hulenga huku tundu likiwa limefunguliwa lote. Nukta ya katikati ya 600D hulenga kwa uhakika zaidi ikipata lenzi ya f/2.8 au yenye tundu kubwa kuliko hilo. Hata kidirisha cha kuchungulia huwa cheupe zaidi. Katika mchezo, kuona vema ni nusu ya kazi.

Sasa niwajibu wenzangu wa lenzi ndefu. Siwadharau. Mpira wa miguu wa saa tisa mchana, jua likiwaka, lenzi ndefu itaishinda yangu; hilo nakubali. Kihisi mwanga cha kamera yetu ni kidogo, kwa hiyo milimita 50 huonekana kama 80, lakini hata 80 haifiki goli la pili. Ila zile 70-300 za bei nafuu, ukizivuta mpaka mwisho, nazo ni f/5.6. Giza ni lile lile, na zaidi ya hayo urefu wake huukuza kila mtikiso. Nanyi hesabuni wenyewe tunapiga picha za nini: voliboli, mpira wa kikapu, ngoma, maigizo ya ukumbini, mwisho wa mbio. Katika hayo yote mpigaji picha yu hatua chache tu kutoka kwa watu. Na kwa mpira wa miguu na akakae nyuma ya goli, asubiri, mpira utamfuata.

Wa lenzi mpya huniambia kwamba ya kwao ina kituliza mtikiso. Ni kweli, nacho ni kitu kizuri kwa kupiga picha ya jengo jioni. Lakini hutuliza mkono wa mwenye kamera, hakitulizi mguu wa mwenye kukimbia.

Yuko mmoja aliyeniuliza swali la maana: mbona tusinunue ile ndogo ya 50, ya f/1.8, isiyovutika, ambayo ni rahisi kuliko zote? Kama tungekuwa na laki mbili tu, ningesema ndiyo. Lakini mchezaji wa kikapu hakai mahali pamoja. Sasa yuko mbali, mara amekujia mpaka miguuni, na mwenye lenzi isiyovutika atampata kifua bila kichwa. Wala lenzi ya zumu yenye tundu kubwa si anasa ya juzi. Lenzi ya kwanza ya zumu kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35, Voigtländer Zoomar ya mwaka 1959, ilikuwa ya 36 hadi 82, na tundu lake lilikuwa f/2.8.

Ya kuchagua ni hizi. Canon wenyewe walitoa ya 17 hadi 55 mwaka 2006. Hulenga upesi sana, lakini bei yake hupita mfuko wetu. Sigma walitoa ya 17 hadi 50 mwaka 2010, nayo mota yake ni tulivu. Tamron walitoa yao ya 17 hadi 50 mwaka 2006, haina kituliza mtikiso, haifiki nusu kilo; mwaka 2009 wakaongeza yenye kituliza, ambayo ni nzito zaidi. Mimi natumia ile ya 2006. Mota yake hulia kama nyuki na haina haraka ya Canon, lakini picha zake ni safi, nami niliipata kwa laki tano. Ikipatikana Sigma nzima kwa laki sita, ichukueni. Isipopatikana, Tamron ya kwanza yatosha.

Wenye Nikon zao nyumbani wajihadhari. Kamera ndogo za Nikon kama D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani yake, na Tamron za kwanza za Nikon hazikuwa nayo vile vile. Ukiviunganisha hivyo viwili utalenga kwa mkono, na mchezo hautakungoja.

Labda mtauliza, kama lenzi hizi ni nzuri, mbona watu wanaziuza? Mwaka 2018 Canon na Nikon walianza aina zao mpya za kamera zisizo na kioo cha ndani, zenye lenzi za umbo jingine. Wengi wenye fedha wamehamia huko. Lenzi walizoziacha hazijaharibika. Zimeachwa tu, na bei imeshuka. Hiyo ni bahati yetu.

Lakini bahati hii ina mtego, nami niliingia. Mwaka 2014 nilinunua lenzi mjini jioni jioni, nimechoka, nina haraka ya basi. Kwa nje iling'aa. Nilipofika nyumbani nikaimulika, nikaona nyuzi nyeupe ndani yake kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Nilirudi dukani, muuzaji akasema alichouza hakirudi. Akiba yangu ya likizo nzima ikapotea. Haraka haraka haina baraka. Nilikuwa nimeimba methali hiyo tangu utoto, lakini siku ile ndiyo niliyoijua.

Basi watakaotumwa kununua wafanye haya, wala wasione haya mbele ya muuzaji. Kwanza, wamulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma na kutoka mbele. Vumbi kidogo halidhuru, na mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele si neno. Lakini wakiona nyuzi, au weupe kama maziwa, waiache. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya zaidi. Pili, wazungushe pete ya zumu taratibu na kusikiliza. Ikisaga kama ina mchanga, waiache. Tatu, waende na kamera ya chama. Wapige ukuta wa matofali kwa f/2.8, kwenye 17 na kwenye 50. Upande mmoja ukiwa wazi na wa pili umefifia, yamkini lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Nne, walaze gazeti mezani, walenge mstari mmoja kwa mshazari, wakuze picha waone kama mstari uliolengwa ndio ulio wazi. Jambo hili wasilipuuze, kwa maana 600D haina njia ya kusahihisha lenzi inayolenga kando. Mwisho, waiweke kamera katika AI Servo, mmoja awakimbilie kutoka mbali, wapige picha ishirini. Nyingi zikiwa wazi, walipe. Mwenye duka akikataa lenzi yake isijaribiwe, wamwage kwa adabu waondoke.

Nayo ikishanunuliwa isirudi kwenye kabati la zamani, lenye giza na unyevu. Hapo ndipo kuvu huzaliwa. Itiwe katika chombo cha plastiki cha chakula kinachofunga vema, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na itumike kila juma.

Neno langu la mwisho ni kwenu, kaka zangu mliotutangulia. Wengi wenu mlinunua kamera miaka ile, mkazipigia picha arusi mbili tatu, kisha mkapata simu nzuri mkazisahau. Huenda lenzi ninayoisema imo nyumbani kwa mmoja wenu sasa hivi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inameni mtazame chini ya vitanda vyenu. Mkiikuta, imulikeni tochi. Kama ni safi, ileteni shuleni, na zile laki sita zitanunua kamera ya pili. Kama ina nyuzi, ileteni vile vile, ili vijana wajifunze kuvu inafananaje kabla hawajailipia kama nilivyoilipia mimi.

Muhula ujao kuna fainali nyingine, na nahodha mwingine ataruka. Wanachama, pigeni kura mkikumbuka hilo.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Zamani,
Kampala.