Difenda Bovu Si Sadaka



Leo hapana hina wala singo. Leo nazungumzia gari la polisi, na najua kuna walioanza kucheka. Chekeni, kisha mnisikilize.

Kuna fikra naisikia kila tunapokaa kuchangishana: kwamba polisi wana magari yaliyochoka, yamesimama yanaota kutu, basi wapewe akina mama wa vijijini yawe ya kubebea wagonjwa. Yakabidhiwe mbele ya sheikh na kamanda, ukatwe utepe, iombwe dua, zipigwe picha. Nani atapinga kitu kama hicho? Mimi napinga. Gari lenyewe silipingi, maana likiwa zima ni neema kubwa. Napinga namna tunavyotaka kulitoa.

Nitaisema Mbeya na Iringa, kwa sababu huko sisi tuna watu. Mchele wa pilau yetu unatoka Kyela na Usangu, chai yetu inachumwa Mufindi na Rungwe, na wanaotuletea mbatata na maharage wameoa kwetu. Mabinti wa Unguja na Pemba wako Tukuyu, wako Mafinga, wamebeba mimba huko. Na polisi nao ni wa Muungano. Gari lenye namba za PT unaloliona Ziwani ni la jeshi hilohilo linaloendesha difenda za Uyole na Makambako. Kwa hivyo tusijifanye hayatuhusu.

Mwanzo tuweke sawa jambo moja. Gari la Serikali halitolewi kama kanga ya zamani. Kamanda wa mkoa hana ruhusa ya kuamka asubuhi akakupa ufunguo. Gari likichakaa hukaguliwa na mafundi wa Serikali, huombewa kibali cha Mlipaji Mkuu wa Serikali kule Hazina, kisha kwa kawaida hupelekwa kwenye mnada wa hadhara. Namba za PT hung'olewa, king'ora na taa za buluu hutolewa, na mmiliki mpya hulisajili upya kwa jina lake. Sasa ukisikia kikundi cha akina mama kimeambiwa "chukueni tu, karatasi zitakuja," jua hao wamepewa kesi. Bila kadi hakuna bima. Bila bima trafiki atalisimamisha pale Igawa saa saba za usiku, na nyuma kuna mwanamke anavuja damu. Utamwambia nini trafiki? Kwamba ni gari lao wenyewe la mwaka juzi?

Halafu kuna hiyo milima. Sisi wa visiwani hatuna mlima wa kujaribia breki. Gari bovu la Unguja linaweza kukutoa Mkunazini hadi Makunduchi kwa bahati na matumaini. Lipeleke Kitonga uone. Pale barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapanda kuta za mlima kwa kona kali, upande mmoja jiwe na upande mwingine bonde, malori mbele na nyuma, na lori moja likikwama njia nzima inalala. Ukifika Mbeya unakutana na Mlima Nyoka na Iwambi, majina ambayo watu wa huko wakiyataja hutaja na ajali za malori yaliyokosa breki. Na hiyo ni lami! Toka nje ya lami, panda vijiji vya Kilolo, au zunguka Rungwe ambako mvua kwa mwaka hupita milimita 2,000. Udongo unakuwa kama sabuni. Teksi ya kawaida haifiki huko wakati wa mvua, ndiyo maana nasema Land Cruiser zima la polisi lingekuwa neema. Linapanda, lina nguvu, na fundi wa Mafinga analijua kwa kulisikia tu mngurumo.

Lakini linatolewa likiwa na hali gani? Gari la doria haliendeshwi na mwenyewe. Limefukuza wezi, limebeba askari kumi na wawili nyuma, limepigwa mashimo miaka na miaka, madereva wamebadilishana usukani asubuhi na jioni. Limetolewa kazini kwa sababu polisi wenyewe wanaogopa litawaacha njiani. Sasa lililokuwa halifai kumfukuza mwizi wa kuku, vipi lifae kumbeba mzazi? Damu inayomtoka mwanamke baada ya kujifungua inaweza kumuua ndani ya saa mbili. Saa mbili tu. Hapo hakuna nafasi ya kushuka kusukuma.

Aya ya 267 ya Suratul Baqara tumeisoma tangu chuoni. Inakemea kuchagua kilicho duni ndio ukitoe, kitu ambacho wewe ukipewa ungekipokea kwa kuona haya. Hata wasiokuwa na dini yetu wamelifikia hilo kwa akili. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa za msaada, na moja ya nguzo zake ni kwamba hakuna ubora wa aina mbili: kisichokubalika kwa mtoaji kisipelekwe kwa mpokeaji. Walichoshwa na makontena ya dawa zilizopitwa na wakati. Na sisi tusisubiri kuchoshwa.

"Bora kuliko kuozea kituoni," mtaniambia. Hapana. Gari linaloozea kituoni halimdanganyi mtu. Linalokabidhiwa kwa picha linamdanganya mama wa kijijini, anaacha kutafuta njia nyingine kwa sababu ameambiwa kijiji kina gari. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Na hata likiwa zima, nani analilisha? Land Cruiser la dizeli, limebeba mgonjwa na wasindikizaji, njia ya milima, linakula lita moja kwa kilomita saba au nane. Kwenda na kurudi kilomita 120 ni kama lita 16. Fungua bei ya EWURA ya mwezi huu upige mwenyewe, kisha uzidishe kwa safari za mwezi mzima. Ongeza matairi manne na la akiba, oili, breki, betri, bima, na mshahara wa dereva anayekubali kuamshwa saa nane za usiku. Kikundi cha akina mama wanaouza ulanzi na maandazi, hata wakiwa na moyo wa chuma, watalilisha miezi mitatu. Baadaye litasimama juu ya mawe, kuku walale ndani.

Wapo waliolitambua hili zamani. Andrea na Barry Coleman, mtu na mkewe Waingereza, walikwenda Somalia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakakuta magari na pikipiki za afya zimekufa, nyingi bado mpya, kwa kukosa matunzo madogomadogo. Hawakurudi kwao kutafuta magari mengine. Walianzisha Riders for Health, kazi yake kuu kuyatunza yaliyopo: oili kwa wakati, vipuri kwa wakati, dereva aliyefunzwa. Gambia walifika mahali pa kuendesha magari ya Wizara ya Afya nchi nzima.

Lakini kwa nini twende Gambia? Tazama Mji Mkongwe. Wazee wetu walipoweka wakfu msikiti, waliweka na nyumba au duka pembeni, kodi yake inunue mafuta ya taa, mikeka na maji ya kutawadha. Bibi zetu wasiojua kusoma hesabu ya kizungu walielewa kwamba msikiti bila mafuta ya taa ni giza. Sisi wenye simu za mamilioni tunatoa gari bila mafuta.

Na tukumbuke kuna njia nyingine tayari ipo. Aprili 2022 Rais Samia, mtoto wa kisiwani, alizindua kitaifa mpango wa m-mama uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga. Mzazi akipata dharura inapigwa 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, anaitwa dereva wa hapohapo kijijini aliyesajiliwa, naye analipwa kwa safari. Utafiti wa Taifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukahesabu 104. Sisemi ni kazi ya simu peke yake, wapo wakunga, wapo madaktari wa Meta pale Mbeya na Tosamaganga kule Iringa. Ila dereva mwenye gari lake analitunza, kwa sababu ndilo linalomlisha. Jambo hilo difenda la kupewa halina.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Serikali ikitaka kulitoa, ilitoe lingali na uhai, na kadi mkononi, injini imefunguliwa, breki mpya, na fungu la mafuta la mwaka mzima limekaa benki. Kama haiwezi, liende mnadani, mafundi walikate vipuri, fedha ziingie Hazina. Hakuna aibu katika mnada.

Na nyie mabibi harusi msinikimbie. Msafara wa magari manane yaliyofungwa maua, kutoka saluni hadi ukumbini, mwendo wa dakika kumi na tano, ninaujua unagharimu nini. Toa magari manne. Fedha yake iwe mafuta na matairi ya dereva mmoja wa Kilolo msimu huu wa mvua. Na mkialikwa kwenye makabidhiano, kabla hamjashika utepe, ulizeni kadi iko wapi, dereva ni nani, na mafuta ya mwezi wa saba yanatoka kwa nani. Wakikosa majibu, rudisheni ufunguo.

Kisha mpigie wifi yako wa Tukuyu, mwenye mimba ya miezi minane, umuulize kama 115 ameiandika kwenye simu yake, na kama mumewe naye anayo.